Aliweka sahihi ili aende nyumbani: je, mwanasaikolojia anaweza kumsaidia kortini?

"Daktari, habari za kazi. Mdogo wangu ana miaka 23 na tunaishi Kayole. Alikamatwa Jumanne usiku, wakadai yeye na wenzake wawili walivamia duka la M-Pesa wakiwa na kisu. Alifikishwa mahakama ya Makadara Ijumaa asubuhi, akashtakiwa kwa wizi wa mabavu, na sasa yuko rumande Industrial Area. Polisi wanasema alikiri. Karatasi iko na sahihi yake, lakini imeandikwa Kiingereza, na yeye Kiingereza hasomi. Anasema, 'Waliniambia nikiweka sahihi nitaenda nyumbani.' Akiwa na miaka tisa aligongwa na matatu akaumia kichwa. Tangu hapo masomo yalimshinda, hushikwa na kifafa, na miaka miwili iliyopita alilazwa hospitali ya akili ya Mathari wiki tatu. Mwenye duka naye alimchagua kwenye gwaride la utambulisho. Majirani wanatuambia tutafute barua ya daktari iseme ni mwendawazimu, ataachiliwa. Mama anauliza kila usiku: mtu anakirije kitu ambacho hakufanya? Wakili bado hatuna. Je, mwanasaikolojia anaweza kumsaidia, ama tutapoteza hela zetu bure? Mimi ni dada yake mkubwa."

Dada yangu, pole sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona imebeba mizigo mitatu: swali la mama, ushauri wa majirani, na wasiwasi wako wa pesa. Nitaanza na majirani, maana ushauri wao ndio unaoweza kumuumiza mdogo wako upesi kuliko yote.

Nielewe kwanza mimi ni nani. Umeniita daktari, nami nashukuru kwa heshima hiyo, lakini mimi ni mwanasaikolojia. Siandiki dawa. Daktari wa magonjwa ya akili, yule unayemkuta Mathari, amesomea udaktari kwanza kisha akabobea katika ugonjwa wa akili, na ripoti yake ndiyo korti zetu zimezoea kuiomba. Mimi napima jinsi mtu anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyoelewa lugha na anavyoyumba akisukumwa. Kesi ya mdogo wako inaweza kuhitaji sisi wote wawili, kila mmoja kwa jambo lake.

Sasa hao majirani. Wanaamini kwamba sheria ikisikia neno Mathari inafungua mlango. Haiko hivyo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 11, inachukulia kwamba kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na anayetaka kuthibitisha vinginevyo ni mshtakiwa mwenyewe. Kifungu cha 12 kinauliza jambo jembamba sana: je, wakati ule ule wa kutenda, ugonjwa ulikuwa umeivuruga akili yake kiasi kwamba hakuelewa anachokifanya, au hakujua kwamba hapaswi kukifanya? Hakiulizi kama aliwahi kulazwa, wala kama ana kadi ya kliniki. Nawajua watu wengi wanaomeza dawa za akili kila jioni na asubuhi wanafungua vibanda vyao Gikomba, wanahesabu chenji bila kukosea. Wana ugonjwa, na mbele ya kifungu cha 12 wana akili timamu. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Lakini ubaya mkubwa zaidi wa ushauri huo ni huu. Ukisimama kortini ukasema "alikuwa mwendawazimu alipofanya," umeshasema alifanya. Mdogo wako anasema hakufanya. Huwezi kushika kauli zote mbili mkononi, moja itaiangusha nyingine, na mwendesha mashtaka atafurahi kuzitazama zikigombana. Tena, korti ikikubali kwamba alitenda akiwa hana akili timamu, harudi Kayole. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 166, inasema azuiliwe na taarifa ipelekwe kwa Rais, bila muda wa kutoka kuandikwa popote. Wapo waliokaa chini ya amri ya namna hiyo miaka mingi kuliko kifungo ambacho wangepewa, na majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamekataa utaratibu huo wakisema unakiuka Katiba.

Kanuni hii ya kifungu cha 12 ina ukoo wa mbali. Mwaka 1843 Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu wa Uingereza, kwa imani ya kiugonjwa kwamba chama kilichokuwa madarakani kilikuwa kinamwandama. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, watu wakakasirika, na majaji wakaulizwa waeleze sheria ni ipi hasa. Majibu yao ndiyo yaliyosafiri na wakoloni mpaka yakawa kifungu chetu cha 12. M'Naghten mwenyewe, huyo "aliyeachiliwa", hakurudi nyumbani hata siku moja. Alihamishwa kutoka hospitali moja ya kufungiwa hadi nyingine mpaka akafa mwaka 1865.

Kwa hivyo barua ya kununua, tafadhali, achaneni nayo kabisa. Ni kosa la jinai, na ikigunduliwa itachafua hata yale yaliyo kweli: ajali, kifafa, zile wiki tatu za Mathari. Hayo ya kweli yana kazi kubwa katika kesi hii. Ni saa tu ambayo majirani wameikosea.

Nisemapo saa nina maana hii. Mbele ya sheria, akili ya mtu haipimwi kwa jumla, inapimwa kwa wakati maalumu. Kuna saa ya tendo, ambayo nimeieleza. Kuna saa ya kuhojiwa kituoni. Kuna saa ya kusimama kizimbani. Na mtu akipatikana na hatia, kuna saa ya kupangiwa adhabu. Kila saa ina swali lake, na jibu la moja si jibu la nyingine. Kwa haya uliyoniandikia, saa ya mdogo wako ni ile ya kituoni, kati ya Jumanne usiku na Ijumaa asubuhi.

Hapo ndipo swali la mama yako linapoingia. Mwambie kwamba swali lake ni la haki, na kwamba wapelelezi na mahakimu wengi duniani wamelijibu vibaya kwa sababu jibu la haraka linaonekana wazi: hakuna mwenye akili anayejitia kitanzi. Lakini vijana wengi wasio na hatia wamefanya hivyo. Jijini New York mwaka 1989, wavulana watano wa kati ya miaka 14 na 16 walikamatwa baada ya mwanamke kushambuliwa katika bustani ya Central Park. Wanne kati yao walirekodiwa kwa video wakijieleza jinsi walivyoshiriki. Wote watano wakafungwa. Mwaka 2002 mtu mwingine kabisa alikiri, na vipimo vya DNA vikathibitisha ni yeye. Hukumu zao zikafutwa, lakini ujana wao ulikuwa umeishia jela.

Inatokeaje? Mtu akibanwa, akili huacha kupima mambo ya mwaka ujao, ikaanza kupima ya dakika inayofuata. Hajalala, ana njaa, ana hofu, na mbele yake kuna mtu mwenye uwezo wote juu yake akimwambia kwamba mlango wa kutokea ni mmoja tu. Sahihi inakuwa bei ya kutoka. Adhabu inaonekana mbali, kama mvua iliyo ng'ambo ya Ngong. Na yule asiye na hatia ana mtego wake wa ziada: anaamini ukweli utajitetea wenyewe. Mwanasaikolojia Saul Kassin wa Marekani, ambaye amelichunguza jambo hili kwa miongo mingi, ameonyesha kwamba imani hiyo huwafanya wasio na hatia waongee bila wakili na kusaini, kwa kuwa wanajiambia, "Nikifika kwa hakimu itajulikana." Wapo wanaosaini huku wakijua ni uongo, ili tu kero ikome. Wapo wachache ambao, baada ya kuambiwa jambo lile lile kwa saa nyingi, huanza kushuku kumbukumbu yao wenyewe na kuamini huenda walifanya. Mtu mwenye kifafa, ambaye tayari ana vipindi maishani asivyovikumbuka, namhofia sana hapo. Ukimwambia "ulifanya, ila umesahau," unamgusa palipo na kidonda.

Kisha kuna jambo la kitabia ambalo nadhani unalijua vizuri kuliko mimi, kwa sababu umelea kijana huyu. Mtoto aliyeumia kichwa akiwa na miaka tisa hujifunza haraka kuficha kwamba haelewi. Darasani walimcheka, mtaani walimdanganya, akagundua kwamba neno "ndiyo" humaliza maswali. Ameishi na ngao hiyo kwa miaka 14. Kituoni, ngao hiyo hiyo ndiyo iliyomchoma.

Niliwahi kukaa na kijana wa aina hii rumande. Kila nilichomuuliza alitikisa kichwa na kukubali. Nikamuuliza kwa sauti ile ile kama alizaliwa katika mwezi wenye siku arobaini. Akasema ndiyo. Nikamwomba anieleze haki ya kunyamaza ni nini, kwa kuwa karatasi yake ilisema ameelezwa na ameelewa. Akafikiri sana, mtoto wa watu, kisha akasema: "Ni kunyamaza wakati afande anaongea." Hakuwa anatania. Ndivyo alivyoielewa, na alikuwa ameitii kikamilifu.

Mtaalamu anaweza kulipima jambo hili badala ya kulihisi tu. Gisli Gudjonsson, aliyewahi kuwa mpelelezi wa polisi nchini Iceland kabla ya kuwa mwanasaikolojia Uingereza, alichapisha kipimo chake mwaka 1984. Mtu anasomewa hadithi fupi, anaulizwa anachokumbuka, kisha anaulizwa maswali ambayo mengi yana mtego, yanayodokeza vitu visivyokuwepo kwenye hadithi. Halafu anaambiwa kwa ukali kidogo kwamba amekosea na ajibu upya kwa makini. Tunaangalia mambo mawili: mara ngapi amemeza mtego, na mara ngapi amebadilisha jibu kwa sababu tu amekemewa. Pamoja na hicho tunapima uelewa wa lugha, kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na tunalinganisha na maisha yake halisi: shule, kazi alizoshindwa, anavyotumia pesa.

Lazima nikuambie pia udhaifu wa kazi yangu. Vipimo vingi tunavyovitumia viliundwa Ulaya na Marekani kwa watu wa huko. Kijana wa Kayole anayewaza kwa Sheng na kuongea lugha ya mama akiwa na nyanya yake anaweza kupata alama za chini kwa sababu ya swali badala ya akili yake. Mtaalamu mwaminifu atalisema hilo ndani ya ripoti kabla hajaulizwa, na atatumia lugha ambayo mteja wake anaiongea kila siku. Ukikutana na anayekuahidi namba isiyopingika, muogope. Muogope zaidi anayekuahidi kusema kortini kwamba mdogo wako hakufanya. Hakuna mwanasaikolojia anayelijua hilo. Tunaweza kusema tu: mtu mwenye akili ya aina hii, akihojiwa kwa namna hii, kwa saa hizi, neno lake la kukubali lina uzito kiasi gani. Hakimu husikiliza maoni ya mtaalamu, hafungwi nayo.

Habari njema ni kwamba sheria yetu kuhusu kukiri ni kali kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, haikubali kukiri kokote. Kunatakiwa kuwe mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na hapo lazima awepo mtu wa tatu ambaye mshtakiwa mwenyewe amemchagua. Kanuni za mwaka 2009 zinaongeza kwamba asinyimwe chakula, maji wala usingizi, atumie lugha anayoitaka, na aelezwe haki yake ya kuwa na wakili. Katiba, ibara ya 49, inakataza kumlazimisha mtu kukiri, na inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia nje ya saa za korti au siku ambayo si ya korti, ndipo afikishwe kabla siku ya korti inayofuata haijaisha. Kutoka Jumanne usiku hadi Ijumaa ni zaidi ya hapo. Usitegemee kwamba kuchelewa huko peke yake kutaifuta kesi, mahakama zimesema dawa yake mara nyingi ni fidia. Lakini kwa mwanasaikolojia ni muhimu sana, maana ndizo saa zilizomchosha. Mwenye kifafa akikosa usingizi na dawa kwa muda huo, akili yake haiko sawa hata kama hakuna aliyemgusa.

Wakili akilipinga lile karatasi, hakimu atasimamisha kesi kubwa na kusikiliza kesi ndogo ndani yake, kuhusu tu jinsi sahihi ilivyopatikana. Nani alikuwepo? Mtu wa tatu alikuwa nani, na alichaguliwa na nani? Nani aliyetafsiri? Kwa nini kijana aliyeacha shule anasomeka kwenye karatasi akiongea Kiingereza cha ofisini chenye koma zilizokaa sawasawa? Hapo ndipo ripoti ya mwanasaikolojia inapofanya kazi yake kamili. Na hata karatasi ikipokelewa, mahakama za Afrika Mashariki tangu uamuzi wa Tuwamoi dhidi ya Uganda wa mwaka 1967 zimejionya zisiharakishe kumtia mtu hatiani kwa kukiri alikokukana, bila ushahidi mwingine wa kukuunga mkono.

Ushahidi huo mwingine, kwa mdogo wako, ni mwenye duka. Simwiti mwongo, na nawaomba nanyi msimwite hivyo. Ameshikiwa kisu, na ninamhurumia. Lakini kumbukumbu haifanyi kazi kama kamera. Silaha ikiwepo, macho hukwama kwenye silaha na sura hubaki nyuma. Kinachobaki hujazwa baadaye na mazungumzo, maswali ya polisi, picha kwenye simu. Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 kwamba watu waliotazama filamu ya ajali ya magari walibadilisha makadirio yao ya mwendo kwa sababu ya kitenzi kimoja tu katika swali. Walioulizwa magari "yalipogongana kwa kishindo" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa "yalipogusana", na wiki moja baadaye walioulizwa swali la kishindo ndio waliozidi kukumbuka vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika.

Kwa sehemu hii sikushauri ulipe mtaalamu. Wakili mzuri anatosha. Kesi ya Roria ya mwaka 1967 iliwaonya mahakimu wa eneo letu kuhusu hatari ya kumfunga mtu kwa utambulisho wa shahidi mmoja. Wakili atauliza mwanga ulikuwa wa aina gani, tukio lilichukua dakika ngapi, alimweleza vipi mwizi katika taarifa yake ya kwanza, na gwaride lilikuwaje. Gwaride linatakiwa liwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, urefu na mwonekano. Kama mdogo wako ana kovu kichwani la ile ajali na wengine hawakuwa nalo, mwambie wakili siku ya kwanza. Kama shahidi alimwona kituoni kabla ya gwaride, mwambie hilo pia.

Utasikia pia habari za mashine ya kugundua uongo, au afisa atakayesema "nilimwona machoni anadanganya." Mashine hiyo hupima pumzi, mapigo ya moyo na jasho. Inapima wasiwasi, na mwenye wasiwasi kituoni ni kila mtu. Kuhusu macho, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa takriban asilimia 54, juu kidogo tu ya kurusha sarafu. Msitoe hata shilingi kwa hayo.

Nirudi kwenye saa ya kizimbani, kwa kifupi. Korti ikiona dalili kwamba mshtakiwa hawezi kuelewa kesi wala kuwaelekeza mawakili wake, kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaitaka ichunguze kwanza, na mara nyingi humpeleka Mathari akapimwe. Akiwa hana uwezo huo kwa sasa, kesi husimama. Ni kinga ya kweli kwa mgonjwa, lakini inaweza pia kurefusha rumande, kwa hiyo isitumike kama ujanja wa kupata muda. Mtu anaweza kuwa mwepesi wa kuyumbishwa kituoni na bado akaweza kufuata kesi yake vizuri akielezwa taratibu na mkalimani akiwepo. Huenda mdogo wako ni wa namna hiyo.

Sasa pesa. Uliza wakili kwanza, mwanasaikolojia baadaye. Msinilipe mimi wala mwenzangu yeyote kabla ya hapo. Sababu si adabu tu. Akipimwa kwa amri ya korti, anachokisema kwa mtaalamu kinaweza kuishia kwenye ripoti ambayo hakimu na mwendesha mashtaka wataisoma. Akipimwa kwa maelekezo ya wakili wake, wakili ndiye anayeamua ripoti itumike au isitumike. Tofauti hiyo ni kubwa sana, na familia nyingi huijua ikiwa imechelewa.

Wizi wa mabavu una adhabu ya kifo katika vitabu vyetu. Najua neno hilo linakunyima usingizi, basi jua pia kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Lakini uzito huo huo unakupa hoja. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila wakili haki itapotoka, na kijana asiyesoma karatasi aliyoisaini mwenyewe ni mfano mzuri wa hali hiyo. Mwambie aombe mbele ya hakimu siku ya kutajwa kwa kesi, kwa sauti, ili iandikwe. Wewe nenda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, au Kituo cha Sheria, ambao wamekuwa wakiwasaidia wasio na uwezo hapa Nairobi tangu miaka ya sabini. Dhamana nayo iombwe. Kosa hili halimnyimi haki ya kuiomba.

Wakili akipatikana, muombe aiombe korti iamuru tathmini ya daktari wa akili Mathari, ambako tayari wana faili lake, ikiwa anaona inafaa. Mwanasaikolojia wa kulipwa aje tu ikiwa wakili anaamua kulipinga lile karatasi la kukiri na anahitaji kipimo cha jinsi kijana anavyoyumba. Mtakapomtafuta, ulizeni kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kama ameshawahi kusimama kizimbani akahojiwa. Mwenye ofisi nzuri ambaye hajawahi kuhojiwa na mwendesha mashtaka atawaangusha.

Anza kukusanya karatasi leo. Za hospitali alikotibiwa baada ya ajali, hata kama zimechakaa. Kadi yake ya Mathari na ya kliniki ya kifafa. Ripoti za shule za kabla ya ajali na za baada yake, maana zikiwekwa pamoja zinaonyesha masomo yake yalipokatikia. Mwalimu aliyemfundisha kabla na baada ya ajali ana thamani kuliko jirani kumi. Andika pia saa aliyokamatwa, nani alimwona, na siku mlipomfikishia chakula kituoni mkakataliwa au mkaruhusiwa. Namba ya daftari la matukio la kituoni (OB) mkiipata, iandike.

Kuna jambo moja lisilongoja wakili. Mtu wa kifafa akikatiziwa dawa ghafla anaweza kushikwa na degedege mfululizo, na hilo huua. Kesho asubuhi nenda Industrial Area na karatasi ya dawa, uulize zahanati ya gereza kama anazipata na kwa kipimo kipi. Wasipokusikiliza, mweleze karani wa mahakama na uombe kesi itajwe mapema. Ukimkuta anaongea peke yake, hali chakula, anasikia sauti, au anasema afadhali afe, mwambie afisa wa zamu papo hapo na usiondoke kabla hujahakikisha ameonwa na mhudumu wa afya. Ripoti zote ninazozizungumzia hapa zinaweza kungoja wiki. Hilo halingoji. Wewe na mama pia, kama usingizi umekata kwa majuma sasa, muone mtu ana kwa ana. Zahanati ya karibu itawaelekeza.

Na ukikaa naye kwenye chumba cha wageni, najua mdomo utataka kumuuliza kwa nini alisaini. Usimuulize. Usimkumbushe usiku ule, usimrudishie hadithi ya polisi wala ya mwenye duka, na mama naye asifanye hivyo. Kijana wa aina hii hukusanya maneno ya wanaompenda na kuyafanya kumbukumbu zake, na mwendesha mashtaka atayatafuta hayo. Muulize kama amekunywa dawa leo, kama analala, na nani yuko kitanda cha pembeni. Hadithi yenyewe mwachie amsimulie wakili, mara ya kwanza, kwa maneno yake mwenyewe.